Nina miezi minane kiwandani, naambiwa mfanyakazi mpya hana likizo. Sheria inasemaje? (Mtwara)

Mtoto wa Msangamkuu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba wenye kujua mnisaidie.

Niliajiriwa tarehe 2 mwezi wa nne mwaka huu kwenye kiwanda kimoja hapa Mtwara mjini, upande wa kufungasha. Mkataba ninao, nalipwa kwa mwezi, siku sita kwa wiki, zamu tunapokezana asubuhi na usiku. Sijakosa zamu hata moja. Sasa mwezi wa kumi na mbili shule zikifunga kijana wangu wa kwanza anaingia jandoni, kwa mama yake kule Tandahimba. Baba kukosekana siku vijana wanapotoka ni jambo ambalo mtoto hulikumbuka mpaka anazeeka. Nikaandika barua kuomba siku 10 za likizo ya mwaka.

Ofisi ya utumishi haikunijibu kwa barua. Niliitwa dirishani nikaambiwa: "Wewe mpya. Likizo mpaka umalize mwaka, na ukimaliza bado tunaweza kukupangia ndani ya miezi sita inayofuata." Nikapiga hesabu, maana yake ni mwezi wa kumi wa mwaka kesho. Mwaka mzima na nusu.

Kinachoniuma zaidi ni wenzangu watatu tulioanza siku moja. Waliandika notisi, wakaitumikia, wakaondoka tarehe 20 mwezi wa kumi. Wamelipwa siku walizofanya kazi tu. Walipouliza habari ya likizo wakaambiwa hawakutimiza mwaka, hawana chao.

Je, ni kweli mtu mpya hana kitu? Na wale watatu ndiyo basi?

Kijana wa Mingoyo

Mkuu, hapo umeambiwa ukweli. Siku 28 ni za aliyemaliza miezi 12. Kabla ya hapo huna haki, ukipewa ni hisani ya bosi. Wenzako ndiyo wamekosa hivyo, wangevumilia.

Mzee wa Ligula

Mleta uzi, shikamoo nimeipokea kabla hujaitoa, maana naona una adabu. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, na swali lako nimelijibu chini ya miembe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kijana wa Mingoyo nakuheshimu, ila hapo umechanganya vitu viwili: haki ya likizo na tarehe ya kwenda likizo.

Sheria ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Soma kifungu cha 29, 30 na 31 kwa pamoja, usikate kipande.

Kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Miezi sita. Hakuna mahali kinaposema mwaka. Wewe umeivuka miezi sita tangu mwanzoni mwa mwezi wa kumi, kwa hiyo ule mlango umeshapita.

Kifungu cha 30 kinaeleza mzunguko wa likizo ya mwaka kuwa ni miezi 12 ya ajira mfululizo, na unaanza kuhesabiwa siku uliyoanza kazi. Siku uliyoanza kazi, wakuu! Miezi sita ya mwanzo haitupwi. Ukishavuka kizingiti, inaingia yote kwenye hesabu.

Kifungu cha 31 ndicho kinachotoa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko. Na hapohapo ndipo ofisi yako ilipopata lile jibu la dirishani, kwa sababu mwajiri ndiye anayepanga lini uende, mradi isizidi miezi sita baada ya mzunguko kwisha. Anaweza kusogeza hadi miezi 12 baada ya mzunguko, lakini kwa sharti kwamba wewe umekubali na kazi yenyewe inalazimisha. Kwa hiyo walipokwambia wanaweza kukupangia hadi mwezi wa kumi mwaka kesho, hawakusema uongo. Walipokwambia mfanyakazi mpya hana likizo, hapo ndipo walipokosea.

Likizo yako ni kama mkorosho ulioupanda mwezi wa nne. Ni wako tangu siku ile na unakua kila siku, ila siku ya kuvuna huipangi peke yako.

Wenzako watatu habari yao ni tofauti kabisa, na ina haraka. Nitaieleza nikirudi kutoka msikitini.

Kijana wa Mingoyo

Mzee, hiyo ya miezi sita sikuijua. Sisi tuliambiwa hivyohivyo mwaka, tukaamini. Asante.

Mzee wa Ligula

Nimerudi.

Ajira inapokwisha, iwe umeacha, umeachishwa au mkataba umefika mwisho, kifungu cha 44 kinaorodhesha anachopaswa kulipa mwajiri. Ndani yake kuna malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na kuna malipo ya likizo ya mzunguko ambao haujakamilika. Sheria imetaja mzunguko usiokamilika kwa makusudi, kwa ajili ya watu kama hao vijana watatu. Wamefanya kazi miezi sita na siku kumi na nane. Wamevuka kizingiti. Wanadai.

Kiasi gani? Kifungu cha 31 kinatoa kipimo: mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi. Tuseme mtu analipwa 260,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Ili kupata mshahara wa siku, jedwali la sheria linataka ugawanye mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara idadi ya siku za kazi kwa wiki. 4.333 mara 6 ni karibu 26. 260,000 gawanya kwa 26 ni 10,000. Hao vijana tangu mwezi wa nne wana siku za kazi kama 172. Gawanya kwa 13, unapata siku 13 na kidogo. Ni 130,000 na ushee kwa kila mmoja. Kwa mtu aliyeacha kazi anatafuta nyingine, hiyo ni kodi ya chumba cha miezi kadhaa pale Chikongola.

Haraka yake ni hii. Madai ya namna hiyo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapahapa Mtwara, na Lindi ipo pia. Muda wake ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. (Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu, msichanganye.) Ukichelewa unalazimika kuomba kwanza kusamehewa kuchelewa, na unatakiwa kuwa na sababu ya maana. Tangu tarehe 20 mwezi wa kumi, siku 60 zinaisha tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili. Watafute leo.

Wanajaza fomu namba 1 ya Tume, wanampelekea mwajiri nakala, anasaini kwamba amepokea, kisha wanaiwasilisha Tume. Hakuna ada. Kwanza mnakaa kwa msuluhishi, na mara nyingi jambo linaishia hapo, maana mwajiri akionyeshwa kifungu hana cha kubishia.

Bi Mmenyaji

Samahani kaka zangu, naingilia. Nimesoma yote na moyo unanidunda, naomba Mzee uniambie na sisi.

Mimi nipo Newala, ni mmenyaji wa korosho, msimu wa saba huu kwenye kiwanda kilekile. Nilianzia kwenye kubangua, mafuta ya ganda yakanichoma vidole mpaka alama zipo, nikahamia kumenya ngozi ya ndani. Kiwanda kinafungua korosho ghafi zikishanunuliwa mnadani, kinafunga zikiisha stoo. Mwaka huu tulifanya miezi mitano. Mwaka jana tulifanya minne, wakafunga, wakapata mzigo mwingine, wakatuita tena tukafanya mitatu. Tunalipwa kwa kilo.

Siku ya kufunga tunaambiwa "nendeni mkapumzike, tutaitana". Hakuna hela ya likizo, na mtu akiuliza anaambiwa ninyi vibarua wa msimu, hata miezi sita hamfikishi. Sasa hii sheria ya miezi sita si ndiyo inatufunga sisi kabisa?

Mzee wa Ligula

Mwanangu, hapana. Sheria imewafungulia ninyi mlango wa peke yenu, na watu wengi wa kusini hawaujui, ndiyo maana ninafurahi umeuliza hadharani.

Kifungu kilekile cha 29, baada ya kuweka kizingiti cha miezi sita, kinatoa watu wawili nje ya kizingiti hicho. Wa kwanza ni mfanyakazi wa msimu. Yeye ana haki ya likizo ya malipo hata kama msimu ni miezi mitano, hata mitatu. Na kifungu cha 31 kinasema malipo ya likizo aliyolimbikiza yanalipwa kila msimu unapokwisha. Siku ileile wanayowaambia mkapumzike ndiyo siku ya kuwalipa.

Wa pili ni yule anayefanya kazi vipande vipande kwa mwajiri mmoja ndani ya mwaka. Akiitwa zaidi ya mara moja, na jumla ikazidi miezi sita katika mwaka huo, ana haki. Minne na mitatu ni saba. Hata wasingewaita wa msimu, mwaka jana wako ungekuwa umetimia kwa njia hii.

Hili la kuitwa vibarua lisikutishe. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61, inataja dalili za kumtambua mfanyakazi, na dalili moja ikiwepo inachukuliwa kuwa wewe ni mfanyakazi mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Saa zako za kazi zinapangwa na mwingine? Vifaa unapewa? Umefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Mmenyaji anayeingia saa moja asubuhi na kutoka jioni anazifikisha saa 45 ndani ya wiki moja.

Malipo ya kilo nayo yamefikiriwa. Mtu asiyelipwa kwa muda huhesabiwa kama analipwa kwa wiki, kwa kuangalia alichopata katika wiki 13 zilizopita. Ukipata 585,000 kwa wiki 13, ni 45,000 kwa wiki. Siku sita, ni 7,500 kwa siku. Msimu wa miezi mitano una siku za kazi kama 130. Gawanya kwa 13, siku 10. Ni 75,000.

Najua mtu wa ofisini ataona 75,000 ni ndogo. Wewe unajua ni kilo ngapi za kumenya.

Bi Mmenyaji

Nazijua baba. Na tupo wanawake zaidi ya mia.

Daftari la kilo analiandika msimamizi, sisi hatubaki na kitu. Tufanyeje?

Mzee wa Ligula

Anza leo. Kila jioni andika tarehe na kilo zako kwenye daftari la mtoto la shule, na kila mmoja aandike zake. Mkilipwa kwa simu msifute ujumbe. Msimu ukifungwa andikeni barua moja ya kudai, wote msaini, mkabidhi na kubaki na nakala yenye muhuri au saini ya mpokeaji. Halafu muulizeni Afisa Kazi, na kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, wapo karibu nanyi zungumzeni nao. Wanawake mia wenye barua moja hawawezi kuambiwa ni wachochezi.

Karani Utumishi, Lindi

Nimekaa kimya nasoma. Mimi nipo upande wa pili wa hilo dirisha, ofisi ya utumishi kwenye kiwanda kimoja Lindi, kwa hiyo naomba nisikilizwe bila kushambuliwa.

Aliyosema Mzee ni sahihi. Nataka kuongeza ambayo wafanyakazi hawaelezwi.

Kwanza, mleta uzi hawezi kudai siku 28 mwezi huu. Lakini anaweza kuomba siku chache za dharura zenye malipo, mwajiri akikubali anazipunguza kwenye zile 28 zake. Sheria inaruhusu wazi. Mimi nikipokea barua ya namna hiyo, inayosema "naomba siku saba zipunguzwe kwenye likizo yangu ya mwaka", ni rahisi kuipitisha kuliko ile inayosema "naomba likizo", kwa sababu meneja anaona haongezi gharama. Badilisha maneno ya barua yako.

Pili, siku 28 ni za kalenda, mfululizo, na sikukuu zimo ndani. Kila mwaka nagombana na watu hapa. Mtu anaanza likizo tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili, anakata tarehe 9 ya Uhuru, Krismasi, siku ya pili yake na Mwaka Mpya, anarudi amechelewa siku nne, halafu tunamwandikia utoro. Ukianza tarehe 8 unarudi tarehe 5 mwezi wa kwanza, basi.

Tatu, hela ya likizo hulipwa kabla hujaondoka. Msikubali "utaikuta ukirudi". Na ukiugua haturuhusiwi kukulazimisha utumie siku za likizo ya mwaka, ugonjwa una siku zake: 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Uzazi nao una siku zake 84, mapacha 100. Nimeona mama analazwa, akirudi anaambiwa likizo yake imekwisha wodini. Hilo ni kosa, na nililikataa nikiwa bado mgeni kazini.

Nne, likizo isiyochukuliwa ndani ya muda uliowekwa inaweza kukupotezea malipo, kifungu cha 31 kina maneno hayo. Kwa hiyo mzunguko ukikaribia kwisha andika barua ya kuomba, baki na nakala. Kama ni mwajiri aliyekuzuia, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Na wale watatu wameponea kwenye kuitumikia notisi. Wanaotoroka bila notisi hukatwa, na wanachodai hubaki kidogo sana.

Dereva wa Masasi

Karani, nikuulize moja. Mwezi wa sita nilifiwa na mjomba, ndugu wa mama, aliyenilea. Ofisi ilikataa kunipa zile siku za msiba, ikasema mjomba hayumo. Kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo, ndiye anayekuoza, ndiye anayesimama kwenye kaburi. Nilizika nikarudi nikakuta siku nne zimekatwa kwenye mshahara. Ni haki?

Karani Utumishi, Lindi

Pole sana kaka.

Sheria inatoa angalau siku 4 za malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha watu iliowataja: mume au mke, mzazi, babu na bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Mjomba hayumo kweli. Mimi ni Mmwera, najua maana yake, na kila nikiandika barua ya namna hiyo naona aliyeipanga ile orodha hakukaa nyumba ya upande wetu.

Lakini kukatwa mshahara halikuwa jibu la pekee. Ungeweza kuomba zile siku nne zipunguzwe kwenye likizo yako ya mwaka, kama nilivyomwelekeza mleta uzi. Mshahara ungebaki mzima. Ofisi nayo ingeweza kukushauri hivyo badala ya kusubiri ukate tiketi ukiwa unalia. Tena chama kikikaa mezani na mwajiri kutengeneza mkataba wa hali bora, hakuna kinachokizuia kumwingiza mjomba. Sheria imeweka kiwango cha chini, kuongeza ni ruksa.

Mzee wa Ligula

Hilo la mjomba tulilipigania sisi tukalipata, kwa mkataba wa hali bora. Siku mbili, zenye malipo. Linawezekana.

Mtoto wa Msangamkuu (mleta uzi)

Wakuu nimerudi na mrejesho, na shikamoo yangu Mzee ipokee mara mbili.

Niliandika barua upya kama Karani alivyosema: siku 7 za dharura, zipunguzwe kwenye siku 28 za mzunguko wangu ulioanza tarehe 2 mwezi wa nne. Nikaipeleka mwenyewe, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri. Yule wa dirishani aliisoma mara mbili, akaniuliza nimesaidiwa na nani. Nikamwambia nimesaidiwa na watu wanaojua. Leo asubuhi nimepewa jibu, la maandishi safari hii: siku 7 zimekubaliwa, zimebaki 21 na nitapangiwa baada ya mzunguko. Nitakuwepo kijana wangu anapotoka.

Wenzangu wawili nimewapata. Mmoja yupo Magomeni hapahapa, mwingine alikuwa ameshahamia Mikindani kwa shemeji yake. Jana tumekwenda wote Tume, wamejaza fomu, kiwanda kimesaini kupokea nakala, wameitwa kwa msuluhishi mwezi ujao. Yule wa Magomeni alikuwa ameshakata tamaa, ilibidi nimsomee uzi huu wote kwa sauti barazani, na mama yake akasema nirudie pale pa siku 13.

Wa tatu simpati. Alisema anakwenda Kilwa Masoko kwenye boti za uvuvi, namba yake haipatikani tangu wiki mbili. Alikuwa zamu ya usiku, mstari wa pili wa kufungasha, mrefu, tulikuwa tunamwita Nahodha. Kama kuna anayesoma hapa aliye Kilwa na anamfahamu, mwambieni anadai, na mwisho wake ni tarehe 19.

Bi Mmenyaji

Nina mdogo wangu Masoko, anauza chai pale wanapoteremsha samaki. Nimemtumia ujumbe sasa hivi.